Picha ya kichwa ikitoka safi si ushahidi wa jini

Hivi karibuni tulikuwa Lushoto kwa ajili ya darsa, na baada ya sala ya Ijumaa alitujia mzee mmoja kutoka vijiji vya upande wa Lukozi. Kwapani alikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mlikuwa na picha ya CT ya kichwa cha mjukuu wake, binti wa miaka 11 anayeanguka kifafa tangu akiwa na miaka mitano, pamoja na karatasi ya majibu iliyosema kuwa ubongo haukuonekana na kasoro yoyote. Familia ilikuwa imeuza ndama na viazi vya msimu mzima ili mtoto afike Tanga kupigwa picha hiyo. Mzee hakuja kutuomba fedha. Alikuja kutueleza kwamba hospitali imekwisha kusema si ugonjwa, kwamba vidonge alivyokuwa akinywa mtoto vimesitishwa nyumbani, na kwamba sasa anatafuta mtu wa kumsomea.

Tumeona jambo hili lisiachwe lipite, kwa sababu mzee huyu si wa peke yake, na kwa sababu kosa alilolifanya limezaliwa na neema. Miaka michache tu iliyopita, mtu wa Usambara aliyehitaji picha ya ndani ya kichwa ilimbidi asafiri hadi Moshi au Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, imekuwa kimbilio la wagonjwa wa ubongo na uti wa mgongo wa nchi nzima. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikanunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa, Bombo ya Tanga ikiwa miongoni mwake. Kwa mkazi wa Mlalo au Bumbuli, kipimo hicho kimekuwa safari ya mkoa mmoja: kuteremka kupitia Soni hadi Mombo, kisha kushika barabara kuu. Yale ambayo zamani yalikuwa habari ya matajiri na wabunge sasa yanazungumzwa vilabuni mwa kahawa. Lakini chombo kimetangulia, na elimu ya kukifahamu imebaki nyuma.

Basi tuanze na chombo chenyewe. Mashine ya CT hutumia miale ileile ya eksirei, ila miale hiyo humzunguka mgonjwa na kompyuta ikakusanya vivuli vyake na kuvifanya vipande, kama mtu anayekata mkate aone ndani. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971, na waliotunukiwa Nobel ya mwaka 1979 kwa kazi hiyo walikuwa Godfrey Hounsfield, Mwingereza, na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. (Sisi katika kurasa hizi hupenda kujifaharisha kwa Ibn al-Haytham na kitabu chake cha elimu ya mwanga. Ni haki yetu, lakini fahari hiyo haimpi mtoto wa Lukozi kidonge.) CT huona vizuri mfupa na damu mbichi, na huchukua dakika chache. MRI ni kitu kingine: hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, haina miale ya eksirei, huchukua muda mrefu, na huonyesha vitu laini kama uti wa mgongo wenyewe, ambao eksirei ya kawaida haiuoni kabisa. Kwa wengi wetu MRI bado ni safari ya mbali.

Ziko hali ambazo picha ndiyo shahidi mkuu, na kuichelewesha ni kuhatarisha roho. Kijana wa bodaboda ameanguka kwenye kona za Soni, akainuka, akazungumza, akarudi nyumbani akalala, usiku akaanza kutapika na kuchanganyikiwa. Huenda damu inajikusanya kati ya fuvu na ubongo, nayo haingoji asubuhi. Mzee amepooza upande mmoja na mdomo umekwenda kando. Kiharusi ni cha aina mbili: mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka. Kwa macho huwezi kuvitofautisha kwa yakini, na aspirini inayomfaa wa kwanza huweza kumdhuru wa pili. Katika milima yetu kiharusi huitwa upepo mbaya, na mgonjwa huchuliwa mafuta kwa wiki nzima kabla ya mtu kumpima hata shinikizo la damu. Yuko pia aliyeanguka kutoka mtini, jambo la kawaida kwa watu wa mashambani. Huyu, kabla ya picha yoyote, anahitaji asibebwe mgongoni wala kukunjwa katika kiti cha pikipiki, bali alazwe juu ya ubao ulionyooka, maana uti uliosalimika katika kuanguka huweza kukatika katika kubebwa.

Na yuko mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua kuliko mwili. Huyu mara nyingi hata CT haihitaji kwanza. Maadamu utosi wake haujafunga, ultrasaundi hupita hapo na kuonyesha maji yaliyojaa ndani ya ubongo. Katika hospitali ya CURE iliyofunguliwa Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aliona kwamba wengi wa watoto wa namna hii walipatwa na maji hayo baada ya maambukizi ya siku za mwanzo za uhai wao, akaendeleza upasuaji wa kufungua njia ya maji kwa kamera ndogo bila kumwachia kila mtoto mpira mwilini. Lakini jambo hili lina wakati wake. Ubongo uliokandamizwa miezi mingi hauwezi kurudishiwa yote uliyoyapoteza.

Sasa turudi kwa mjukuu wa mzee wetu, maana kifafa si katika mlango huo. Kifafa ni mvurugiko wa umeme wa ubongo, na CT hupiga picha ya umbo. Haipigi picha ya umeme. Kwa wagonjwa wengi wa kifafa picha hiyo hutoka safi. Hata kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, huweza kutoka safi ikiwa kimefanywa siku ambayo mgonjwa ametulia. Daktari hutumia picha kutafuta sababu: kovu la jeraha, uvimbe, athari za uzazi mgumu, au mabuu ya tegu. Watafiti waliowapiga picha za CT watu wenye kifafa wa eneo la Haydom, huko Mbulu, walikuta kwamba sehemu isiyo ndogo yao walikuwa na alama za mabuu ya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Na Muislamu asijidanganye kuwa hilo halimhusu kwa kuwa hali nyama hiyo. Mayai ya tegu hutoka katika kinyesi cha binadamu mwenye tegu na huingia kwa maji, mikono na mboga zisizooshwa vizuri.

Kwa hiyo karatasi ile ya Tanga haikusema kwamba mtoto si mgonjwa. Ilisema kwamba hapana uvimbe, hapana kovu linaloonekana, hapana maji. Ilikuwa habari njema, nayo ikasomwa kama hukumu. Wanafunzi wa usul wanaijua kanuni yake: kutojua kuwapo kwa kitu hakuwi kujua kwamba hakipo. Tunashangaa kwamba kanuni tunayoitumia kwa ukali wote katika mas'ala ya fiqhi tunaisahau mara tu tunapopewa karatasi ya hospitali.

Hatusemi haya kwa kukanusha kuwapo kwa majini, wala hatupingi kumsomea mgonjwa Qur'ani; sisi wenyewe tunasoma. Lakini Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, na ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kuwa alikana majini, aliligawa anguko la kifafa mafungu mawili, akalifanya moja kuwa ugonjwa wa mwili ambao matabibu huuzungumzia. Na yule bibi aliyemlalamikia Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kuanguka kwake, kama walivyosimulia Bukhari na Muslim, hakuambiwa kuwa ni mchafu wala hakutengwa na watu. Ipo pia Hadithi inayomfanya mdhamini yule anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu. Wenzetu wanaosomea wagonjwa waitafakari hii kabla ya kumwambia mzazi atupe vidonge, kwa sababu kuacha ghafla dawa za kifafa huweza kuleta degedege lisilokatika, na mtoto akafa nalo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazofaa, na dawa hizo si za gharama kubwa. Katika Usambara ya baridi, ambako moto wa mafiga hauzimwi tangu magharibi hadi usiku, anayepuuza dawa anamwacha mtoto karibu na moto.

Milima hii si mipya katika mambo haya. Lutindi, upande wa Korogwe, palianzishwa mwaka 1896 kituo cha watoto waliotolewa utumwani, na kuanzia mwaka 1904 kikapokea wagonjwa wa akili, katika zama ambazo sehemu nyingi za Afrika Mashariki hazikuwa na mahali pa kuwapeleka ila minyororo. Zaidi ya karne moja baadaye bado tunawafungia ndani wenye kifafa.

Liko suala la gharama, na hapa misikiti haina udhuru. Picha, nauli, na malazi ya msindikizaji humaliza mtaji wa mkulima kwa siku tatu. Mgonjwa fakiri ni katika wanaostahiki zaka kwa ufakiri wake, bila haja ya fatwa mpya. Kamati ya msikiti ikitenga fungu la wagonjwa wa rufaa, na ikamteua mtu mmoja anayejua njia za hospitali ya Tanga, itakuwa imefanya kazi kubwa kuliko zulia jipya.

Mzee tulimrudisha kliniki na karatasi yake, tukampa neno moja la kufanya kabla ya hapo. Mtoto akianguka tena, mtu mmoja amlaze ubavu, asimtie kijiko mdomoni, na mwingine achukue simu arekodi tangu mwanzo hadi mwisho: macho yameelekea wapi, mkono gani umeanza kutikisika, imechukua dakika ngapi. Akauliza, "Hiyo nayo ni picha, sheikh?" Tukamwambia ndiyo, na kwamba daktari wa kifafa huenda akaitaka kabla hajafungua ile bahasha.