Shahada Mbili kwa Safari Moja

Wazazi wa Kasongo na Kabambare wajua kuhesabu miaka. Mkulima apandaye michikichi huhesabu miaka hata siku ya kukamua mafuta. Naye mzazi apelekaye mtoto katika chuo kikuu cha Kindu, Bukavu, Kisangani au Lubumbashi huhesabu vivyo hivyo: mwaka huu magunia mangapi ya mpunga, mwaka ujao mbuzi wangapi, na lini mtoto atarudi na cheti mkononi. Kwa hiyo hatushangai kusikia watu wakiulizana habari ya shahada ya haraka. Vijana wamesoma katika simu zao ya kwamba kule Marekani mwanafunzi aweza kupata shahada ya kwanza na shahada ya pili, yaani masta, kwa miaka mitano badala ya sita. Wazazi wauliza: Je, jambo hilo ni kweli? Na kama ni kweli, mbona mtoto wetu asifanye hivyo? Leo twapenda kuyajibu maswali hayo mawili.

Ni kweli. Kule Marekani shahada ya kwanza huchukua kwa kawaida miaka minne, na masta mwaka mmoja au miwili juu yake. Vyuo vikuu vingi vya huko vimeweka njia ya kuziunganisha. Mwanafunzi mwenye alama nzuri huomba ruhusa, mara nyingi katika mwaka wa tatu. Akikubaliwa, katika mwaka wa nne huanza kusoma masomo machache ya masta, na masomo hayo huhesabiwa mara mbili: mara moja kwa shahada ya kwanza, mara ya pili kwa masta. Hivyo mwaka wa tano wamtosha kumaliza.

Mkulima wa Maniema hatapata shida kulifahamu jambo hili. Apanda mpunga, na kabla hajauvuna apanda muhogo katikati yake. Mpunga ukiisha kukatwa, muhogo umekwisha shika mizizi, wala hapakuwa na haja ya kufyeka msitu mara ya pili. Shamba ni moja, mazao mawili. Lakini mkulima huyo huyo ajua ya kwamba udongo uliochoka hauwezi kubeba yote mawili. Utampa mpunga mwembamba na muhogo wenye nyuzi. Ndiyo sababu vyuo vya Marekani havimpokei kila mtu katika njia hiyo. Humtazama kwanza mwanafunzi kama ana nguvu ya kubeba mzigo wa mwaka wa nne, ambao ni mzito kuliko miaka yote iliyotangulia.

Sasa tuje kwetu, maana swali la pili ndilo lenye uzito. Ili kulijibu yatupasa kukumbuka kidogo mambo ya zamani.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 katika mji ulioitwa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Mwaka 1956 kilifuata kile cha Élisabethville, yaani Lubumbashi, na mwaka 1963 kile cha Kisangani. Hapo mwanzo vilifuata desturi ya Ubelgiji: kwanza miaka ya kandidatura, kisha lisansi. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyote vitatu kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Taifa la Zaire, na mpango wa masomo ukageuzwa: miaka mitatu ya graduwa, kisha miaka miwili ya lisansi. Vyuo hivyo viliachana tena mwaka 1981, lakini mpango wa tatu na miwili ulidumu. Ndio mpango walioujua baba na mama wengi wasomao ukurasa huu. Mtu aliyesema, «Nina lisansi», alikuwa amekaa shuleni miaka mitano baada ya Mtihani wa Serikali. Na kama alitaka kuendelea hata doktora, alipaswa kusoma kwanza masomo mengine ya juu, ambayo huchukua miaka miwili hivi au zaidi, kabla hajaruhusiwa kuianza hiyo doktora.

Mwaka 1999 mawaziri wa nchi 29 za Ulaya walikutana Bologna, nchini Italia, wakakubaliana kuyapatanisha masomo yao ya juu. Nchi nyingi za Afrika zilifuata polepole. Huku Kongo sheria ya elimu ya taifa ya mwaka 2014 iliukubali mpango huo mpya, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali imeagiza ufuatwe katika vyuo vyote. Waitwa LMD, yaani lisansi, masta na doktora. Jirani zetu wa Burundi wana mpango wa namna hiyo hiyo, ila wao daraja la kwanza huliita bakalorea, na kwa hiyo husema BMD.

Katika LMD kazi ya mwanafunzi hupimwa kwa krediti. Krediti huhesabu saa za kumsikiliza mwalimu pamoja na saa ambazo mwanafunzi hujisomea mwenyewe. Muhula mmoja una krediti 30, mwaka mmoja 60. Lisansi ni krediti 180 kwa miaka mitatu, masta ni 120 kwa miaka miwili. Udaktari wa tiba una utaratibu wake na miaka yake, na huo hatuusemi hapa.

Basi, ndugu msomaji, hesabu pamoja nasi. Zamani miaka mitano ilimfikisha mtoto kwenye lisansi, na masomo ya juu yaliyofuata yakaifanya miaka kuwa saba au zaidi kabla ya kuigusa doktora. Leo miaka mitano ile ile yamfikisha kwenye masta, na mwenye masta aweza kuomba kuingia doktora. Yaani njia yenyewe imekwisha kufupishwa, wala watu wengi hawakutambua. Kijana anayelilia njia fupi ya Marekani, ambayo ni miaka mitano kwa shahada mbili, anayo miaka mitano hiyo hiyo nyumbani kwake, Kindu au Bukavu.

Lakini hapo pana shimo, nasi twataka kulionyesha kabla mtu hajatumbukia. Jina limebaki lile lile, kitu kimebadilika. Tufikiri kijana wa Kabambare anarudi nyumbani baada ya miaka mitatu na cheti kilichoandikwa lisansi. Baba yake afurahi, achinja mbuzi, awaambia jirani, «Mtoto wetu amemaliza, sasa ni sawa na mjomba wake.» Naye mjomba, aliyeteseka miaka mitano kuipata lisansi ya zamani, anuna moyoni, apita akisema ya kwamba vyeti vya siku hizi vyanunuliwa sokoni. Wote wawili wamekosea. Kijana hakununua cheti. Amesoma krediti 180 zake kwa halali. Lakini hajawa sawa na mjomba wake kwa miaka ya masomo. Imebaki miaka miwili ya masta ili waifikie hesabu moja. Baba akifunga mfuko wake siku ile ya karamu kwa kudhani safari imekwisha, amemshusha mtoto njiani, hali mtoto mwenyewe angetaka kuendelea.

Kwa hiyo twawashauri wazazi waulize mapema, tangu mwaka wa kwanza: Mtoto anataka kufika wapi? Je, kazi anayoitamani yahitaji masta, au lisansi yatosha? Tangu mwaka 2019 serikali imetangaza shule ya msingi ya bure, lakini chuo kikuu si bure. Pana karo, pana chumba cha kupanga, pana chakula, pana safari. Familia iliyojiandaa kwa miaka mitatu tu haitapata kwa ghafula fedha za miaka miwili mingine, hasa katika vijiji ambavyo watu wamewahi kukimbia mashamba yao kwa sababu ya vita.

Je, yawezekana kuzichanganya lisansi na masta ili miaka mitano iwe minne? Kwa kanuni ya LMD, mlango wa masta hufunguliwa kwa ufunguo wa lisansi. Asiye na krediti zake 180 hajafika mlangoni. Nasi twaona kanuni hiyo ina wema wake. Mpango wa LMD ni kama ngazi yenye mahali pa kupumzikia katikati. Mtu aweza kusimama pale baada ya miaka mitatu, akiwa na cheti cha kweli mkononi, akafanya kazi, akawasaidia wadogo zake, kisha akarudi kupanda sehemu iliyobaki. Zamani mwenye graduwa naye aliweza kusimama, lakini wengi walimhesabu kama mtu aliyeishia nusu ya njia.

Jambo hili lawahusu hasa mabinti zetu. Mara ngapi tumesikia wazee wakisema, «Miaka mitano ni mingi kwa msichana, ataolewa lini?» Basi asome mitatu! Akiisha kupata lisansi, hakuna awezaye kumnyang'anya, ameolewa au hajaolewa. Krediti zake zimeandikwa. Na mume mwenye akili ataona faida ya mke atakayerudi kusoma masta siku nyumba itakapokuwa imetulia.

Kuna miaka, hata hivyo, ambayo yafaa kufupishwa kwa nguvu zetu zote. Nayo ni ile inayopotea bure. Mwanafunzi mmoja achelewa kufika chuoni kwa sababu mvua imeharibu barabara ya Kindu na karo haijapatikana, na masomo ya miezi miwili yampita. Mwingine akosa krediti chache, aruhusiwa kupanda huku akidaiwa, lakini halipi deni lile. Mwaka wa tatu madeni yote yamkamata pamoja. Mwingine alichagua masomo kwa kumfuata rafiki, na baada ya mwaka mmoja abadili, aanza upya. Na mwingine, huyu ni wa kuhurumiwa zaidi, amemaliza masomo yote, imebaki memwari tu, yaani andiko la mwisho. Naye alizungusha mwaka hata mwaka, mara kompyuta hana, mara mwalimu hampati. Ongezeni na migomo ya walimu na kalenda zinazosogezwa mbele, mtaona kwa nini miaka mitano ya karatasini huwa saba ya kweli. Migomo haimo mikononi mwetu. Hayo mengine yamo.

Mzazi awezaye kuuza mpunga wake mapema ili mtoto afike chuoni siku ya kwanza amemfupishia njia kuliko chuo chochote cha Marekani. Mwanafunzi anayelipa deni la krediti katika muhula ule ule, na anayeanza kutafuta jambo la kuandika memwari kabla ya mwaka wa mwisho, huyo ndiye msomi wa haraka. Haraka ya namna hiyo ina baraka.

Mwisho, twawaonya vijana juu ya watu wanaotangaza masta ya miezi michache kwa kulipa dola tu. Njia fupi ya kweli, popote duniani, hudai kazi nyingi zaidi, wala si kazi kidogo. Ukialikwa katika njia kama hiyo, hapa au ng'ambo, uliza mambo matatu kabla hujatoa fedha. La kwanza: chuo hiki kina hati ya serikali inayokitambua? Uonyeshwe hati yenyewe, namba na tarehe. La pili: nikiugua au nikikosa fedha katikati, nitatoka na shahada ya kwanza, au nitatoka mikono mitupu? Maana vyuo vingine huzitoa shahada mbili pamoja mwishoni, na anayeshindwa kabla ya hapo apaswa kujua mapema atabaki na nini. La tatu: msaada wa masomo nilioahidiwa utaendelea nikiingia masta, au utakoma siku hiyo? Anayekujibu kwa hasira au kwa maneno mengi yasiyo na karatasi, mwache.

Wazee walituachia methali mbili: haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Watu hudhani zapingana. Sisi twaona zamfaa mwanafunzi mmoja: ya kwanza anapochagua njia, ya pili anapokuwa amekwisha kuanza kutembea. Wiki hii, mzazi mwenye mtoto chuoni, mwandikie au mpigie simu, umwulize neno moja tu: «Una krediti ngapi, na unadaiwa ngapi?» Akikujibu bila kusita, endelea kuuza mpunga kwa moyo mkunjufu. Akisita, usimgombeze; kaeni pamoja mhesabu.