Joto la bahari zamani: ndoo za mabaharia zilidanganya kiasi gani?

Miaka mia moja iliyopita bahari ilikuwa na joto gani? Jibu lake linaingia katika hesabu ya degre ambazo dunia imeongeza, na hesabu hiyo ingali inabishaniwa. Mnamo Novemba 2024, Sebastian Sippel wa Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Walikadiria joto la dunia la 1900 hadi 1930 kwa vipimo vya bahari peke yake, kisha kwa vya nchi kavu peke yake. Hesabu ya bahari ikatoka chini kwa karibu degre 0,26.

Shida ya vipimo vya zamani inaanzia kwenye ndoo. Baharia alishusha ndoo kwa kamba, akachota maji, akatia kipimajoto. Ndoo ya turubai inavuja kidogo kidogo. Upepo ukiipiga, maji yanapoa kabla ya kusomwa, kama yanavyopoa kwenye mtungi wa udongo. Ndoo ya mbao haipozi sana. Baadaye meli nyingi zikapima maji yanayoingizwa kupoza mashine, na hayo husomeka yenye joto zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vipimo vingi vilitoka kwa meli za Marekani zilizotumia njia hiyo. Agosti 1945 za Uingereza, zenye ndoo, zikarudi kwa wingi, na kwenye grafu bahari ikaonekana imepoa ghafla kwa karibu degre 0,3. Waliobadilika ni wapimaji.

Hata makarani walichangia: takwimu nyingi za meli za Japani, zilipohamishiwa kwenye mashine, namba za baada ya mkato zilikatwa tu.

Madaftari mengi hayasemi ndoo ilikuwa ya aina gani, basi wataalamu wanakisia. Ndiyo maana Met Office ya Uingereza, katika toleo lake la HadSST4, inatoa hesabu 200 zinazowezekana, si moja.

Wapo wanaosema namba hizi zinapikwa ili kutisha watu. Hoja hiyo haisimami: kusahihisha ndoo kunapandisha joto la zamani, kwa hiyo ongezeko la tangu karne ya 19 linapungua. Na utafiti wa Leipzig haubadilishi ongezeko hilo la muda mrefu. Unasema tu kwamba joto la mwanzo wa karne ya 20 lilipanda polepole kuliko ilivyodhaniwa.

Sisi wa mashariki mwa RDC, ambao mvua zetu zinafuata pia joto la Bahari ya Hindi, hatuna hata takwimu za kubishania. Baada ya mafuriko ya Mei 2023 kule Kalehe, Kivu Kusini, yaliyoua watu zaidi ya 400, wanasayansi wa World Weather Attribution walichunguza kama mabadiliko ya tabianchi yalichangia. Walishindwa kujibu, kwa kukosa vipimo vya kutosha vya mvua kandokando ya Ziwa Kivu. Kinshasa, ambayo Oktoba 2022 ilipokea mkutano wa maandalizi ya COP27 na inadai pesa za tabianchi, ingeweza kuanzia hapo.