ANDIKA TARAKIMU, ANDIKA NA MANENO

Ndugu wanaushirika,

Wanunuzi wa maharage wameanza kuzunguka na karatasi zao za mapatano. Tahadhari! Ukiandika 15000 peke yake, kuongeza sifuri moja si kazi kwa mwizi. Kila kiasi kiandikwe mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno. Hata kwenye hundi, hivyo viwili vikipingana, sheria inafuata maneno.

Lakini na maneno yana mtego wake. "Elfu kumi na tano" ni 15,000, ama ni 10,005? Mdomoni tunaelewana, mbele ya Hakimu tutabishana. Basi andikeni "shilingi kumi na tano elfu tu", halafu 15,000/=. Hilo "tu" na hiyo alama ya mwisho vinafunga mlango, mtu hapati pa kuongezea.

Mzigo nao uandikwe kwa kilo. "Gunia kumi" haitoshi, maana lipo gunia la kawaida na lipo la lumbesa.

Asiyejua kusoma asomewe yote mbele ya mashahidi kabla hajaweka dole gumba, na nakala apewe. Jasho la msimu mzima lisiliwe na sifuri moja.

Katibu wa Chama,
Mbuba