Tuzo, Tozo na Butura

Nimeitwa ombaomba. Aliyeniita hivyo ni mshairi mwenzangu, mtu ninayemheshimu kwa umbuji wake. Kosa langu? Chini ya shairi nililolituma kwenye kundi letu la WhatsApp niliandika namba yangu ya kupokelea pesa, na maneno mawili: "Ukipendezwa, nituze." Mwenzangu akasema nimeivunjia heshima sanaa. Leo namjibu kwa kamusi na kwa kahawa.

Naanza na kamusi. Kutuza ni kumpa mtu kitu kwa jambo zuri alilolitenda. Humo ndimo lilimotoka neno tuzo. Zanzibar, msikilizaji wa taarabu akiguswa na ubeti huinuka, akamwendea mwimbaji na kumtunza noti papo hapo. Huku kwetu Karagwe na Kyerwa, wazee waliokaa kumsikiliza mpiga enanga hawakumwacha aondoke na koo kavu. Hakuna aliyewaita hao ombaomba. Ombaomba hunyoosha mkono kabla hajatoa kitu. Mshairi hutoa kwanza, kisha msikilizaji akaamua.

Sasa nije kwenye kahawa. Mkulima wa wilaya zetu hizi mbili anaijua butura: kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa shida imebisha hodi na mavuno bado. Serikali huikemea, na sisi washairi tumeitungia beti za kuilaani. Lakini sisi wenyewe tunafanya nini? Tunalipeleka shairi bichi TikTok, tunasoma mubashara usiku kucha tukingoja zawadi. Mtazamaji hununua sarafu za jukwaa kwa pesa halisi, akarusha waridi; waridi likageuka almasi; almasi ndipo igeuke pesa, baada ya mwenye jukwaa kukata fungu lake. Bei hatukuipanga sisi, na mizani hatuioni. Hiyo si butura ya maneno? Mwenzangu haoni aibu kupokea waridi la mgeni asiyemjua, ila anaona aibu kupokea shilingi mia tano za jirani aliyemwelewa!

Njia ya moja kwa moja tunayo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008. Leo muuza ndizi wa Kayanga anapokea malipo kwa simu bila kujieleza kwa mtu. Kwa nini mtunzi ajieleze?

Sisemi njia hiyo haina miiba. Tarehe 15 Julai 2021 miamala ya simu iliwekewa tozo, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, juu ya ada za kampuni. Kelele za wananchi zikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba ileile. Tazama jinsi lugha yetu inavyokejeli: kati ya tuzo na tozo pana irabu moja tu. Kiasi kinapokuwa kidogo, makato huuma zaidi; anayetuma elfu mia hahisi kama anayetuma mia tano. Kwa hiyo vita vya mshairi si dhidi ya namba ya simu, bali dhidi ya makato yanayoimeza shukrani ndogo. Anayetaka kuilinda sanaa aanzie hapo.

Nasikia hoja nyingine: pesa itatufanya machawa, tuwasifu watoaji. Hatari hiyo ipo, nami siikani. Lakini kalamu hununuliwa na mfadhili mmoja mwenye milioni, si na wasomaji mia wenye mia tano mia tano. Wengi wanaotoa kidogo hawana wa kumwamuru mshairi. Anayekula kwa mmoja ndiye huinama.

Na ile namba yangu ilileta nini? Siku ya tatu, msomaji wa Murongo, kule mpakani, alinitumia shilingi mia tano. Kisha akaandika: "Ni za ubeti wa nne. Umemsema baba yangu." Sikuzitoa kwa wakala, maana ada ingezimega; nililipia kifurushi, nikaendelea kuandika. Katika miaka yote ya kuandikiwa "umetisha, mwalimu", hakuna aliyewahi kuniambia ni ubeti upi. Aliyetuza alikuwa amesoma.

Basi, ndugu yangu mshairi, niite utakavyo. Namba yangu sitaifuta. Nawe andika yako, ukipenda, chini ya ubeti huu nikuachiao:

Mkulima wa kahawa, butura amekatazwa,
Mshairi naye sawa, haifai kupuuzwa,
Haki yake akipewa, si aibu kupongezwa,
Tuzo ni mila ya kale, tozo isije kuila.