Neema Haina Bei

Huku kwetu Kakanda watu wengi wanaishi kwa kuchimba shaba na kobalti. Kazi hiyo ni ngumu, tena shimo laweza kubomoka siku yoyote. Kwa hiyo hatushangai kuona mchimbaji ana hofu. Tunashangaa kuona anakoipeleka hofu yake.

Jumapili anapokea Ekaristi; Jumatatu usiku anakwenda kwa mganga kununua dawa ya bahati. Asipopata kitu shimoni, anaambiwa ya kuwa ndugu yake amemloga, basi alipe tena. Mwingine anamwacha mganga na kumfuata nabii anayeuza maombi ya kufungua vifungo. Analipa, na baada ya mwezi anaambiwa kwamba kifungo kingine kimeonekana. Je, hawa wamefunguliwa? Hapana! Wamebadilisha mnyororo tu.

Na lililo baya zaidi, mara nyingine mtoto ndiye anayeitwa mlozi, akafukuzwa nyumbani. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 inaadhibu mashtaka hayo. Lakini mkristu hakupaswa kungoja sheria. Nasi makatekista tuna kosa: twajua mambo haya, twanyamaza.

Simoni mchawi wa Samaria alimtolea Petro feza ili apate uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu. Petro alimkemea vikali. Neema haina bei kwetu, kwani Kristu amekwisha kulipa msalabani.

Wengine watatujibu: Nanyi wakatoliki mnavaa medali na skapulari, si hirizi hizo? Mtazameni Isidori Bakanja, kijana mfanyakazi wa nchi yetu, aliyetangazwa Mwenye heri mwaka 1994. Alipigwa viboko vikali kwa sababu ya skapulari yake, akafa mwaka 1909 kwa majeraha hayo. Skapulari haikuzuia kiboko. Lakini alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Huyo ndiye mtu huru. Hirizi huahidi kuondoa hatari. Neema hutuondolea utumwa wa hofu, hata hatari ikiwapo.

Basi tutupe hirizi, twende kwa padri kuungama, tumrudishe nyumbani mtoto tuliyemfukuza. Katika ubatizo tulimkataa shetani. Tusimlipe kodi tena.