Ukongwe wa Meli si Hoja, Ukaguzi Ndio Amana

Ndugu Waislamu, meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, kisha ikabeba abiria wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. MV Bukoba, iliyokuwa changa mno mbele yake, ilizama mwaka 1996 pamoja na mamia ya roho. MV Nyerere, ya mwaka 2004, ilipinduka mwaka 2018 ikiwa imejazwa kupita kiasi. Watu zaidi ya 220 wakafariki. Basi umri peke yake hauhukumu.

Kinachohukumu ni ukaguzi. Marekani, mtambo wa nyuklia hupewa leseni ya miaka 40. Ukitaka 20 zaidi huchunguzwa upya, na raia huisoma ripoti.

Nasi twadai vivyo hivyo: kila cheti cha chombo kinapohuishwa, matokeo ya ukaguzi wa TASAC na idadi halali ya abiria vibandikwe bandarini. Rangi mpya isitughuri. Roho ni amana: anayetia saini bila kukagua amekhini, na sisi tunaopanda chombo kilichojaa hatuna udhuru.