UASKOFU NI KAZI, SI KITI CHA ENZI



Nimesikia kuna mchango unaendelea kimya kimya ili nitawazwe askofu. Joho, pete, fimbo, keki. Nawashukuru kwa upendo. Lakini kabla hujatoa hata shilingi, fungua Biblia.

Matendo 20. Paulo yuko Mileto, anawaita wazee wa kanisa la Efeso (mstari wa 17). Ukifika mstari wa 28, wazee hao hao anawaita waangalizi. Kwa Kiyunani mwangalizi ni episkopos, na hapo ndipo neno askofu lilipotoka. Tito 1:5-7 ni vivyo hivyo: anaanza na wazee, anaendelea na askofu, anasema juu ya watu wale wale. Na katika Wafilipi 1:1 anasalimu maaskofu. Wengi, mji mmoja! Na kwa Timotheo anauita uaskofu kazi. Kazi, mpendwa, si cheo cha kukalia.

Utaniambia, "Lakini Pastor, kanisa la kwanza lilimtii askofu mmoja." Ni kweli, baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignatius wa Antiokia aliyahimiza makanisa ya Asia yasifanye lolote bila askofu. Alikuwa na sababu: walimu wa uongo walikuwa wakisema Yesu hakuwa na mwili halisi, na kundi lilikuwa linatawanyika. Lakini aliandika akiwa wapi? Katika minyororo, askari kumi wakimlinda, akipelekwa Roma kuuawa. Na hata yeye, pamoja na askofu alitaja baraza la wazee na mashemasi.

Karne ya 3, Cyprian wa Carthage, mtetezi mkali wa uaskofu, aliwaandikia wazee na mashemasi wake kwamba tangu mwanzo aliazimia asiamue jambo kwa maoni yake peke yake, bila ushauri wao na kibali cha waumini. Mwaka 258 alikatwa kichwa kwa ajili ya Kristo. Na Jerome, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alikiri kwamba hapo mwanzo mzee na askofu walikuwa kitu kimoja. Mmoja aliwekwa juu ya wenzake ili kuzuia mafarakano.

Sasa tuangalie kwetu. Tumechukua joho la askofu, tukaacha baraza lake! Mtu anafungua kanisa Januari, Desemba ni askofu, mwaka unaofuata ni askofu mkuu. Ukiuliza hesabu ya sadaka, unaambiwa usimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Huyo si Ignatius. Huyo ni Diotrefe wa 3 Yohana, aliyependa kuwa wa kwanza na kuwafukuza watu kanisani.

Basi ombi langu ni hili. Pesa zirudishwe kwa waliotoa. Badala yake, chagueni wazee watano, wasiwe jamaa zangu, wakague vitabu vya kanisa na wawe na uwezo wa kunikemea nikikosea. Siku mtakayoweza kuniuliza swali bila kuogopa laana, hapo tutakuwa tumelikaribia kanisa la kwanza. Mpaka siku hiyo, niiteni Pastor. Yatosha.

Kama unakubali, andika AMINA. Kama hukubali, niulize hapa hapa. Sitakufukuza.

Mbarikiwe.